Wigo wa kodi na boma la ng'ombe: tuelewane kwanza

Juzi jioni tumekaa kwenye benchi la kahawa karibu na soko hapa Mtwara mjini, redio inaongea mambo ya bajeti, mtangazaji akasema serikali inaendelea "kupanua wigo wa kodi". Mjomba mmoja, mzee wetu pale kijiweni, akaweka kikombe chini akacheka, akasema mnawasikia hao, wigo si ndo boma la kufungia ng'ombe, sasa wanalitanua ili tuingie wote tukakamuliwe. Benchi zima likalipuka kicheko. Na mama anayeuza samaki pembeni, ambaye wala hakuwa kwenye maongezi, akadakia kwamba siku mtu wa kodi akija kwake atamwachia beseni aondoke nalo.

Nilicheka na mimi, ila nikarudi nyumbani nawaza. Kwa Kiswahili mjomba hajakosea hata kidogo, wigo ni uzio kweli. Tatizo ni kwamba neno limeingia kwenye mambo ya fedha halafu hakuna aliyekaa chini akaeleza lina maana gani, kwa hiyo kila mtu analichukua anavyolisikia, na wengi wanalisikia kama "kodi zinapanda". Na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, tena mara nyingine vinapingana.

Tuanze na maneno, maana kijiweni yote tunayatupa sufuria moja. Kodi ni hela ya lazima inayoingia mfuko mkuu wa serikali, unalipa na hupewi kitu mkononi hapo hapo, unategemea utakutana nayo mbele kama barabara au dawa. Ushuru huku kwetu tumezoea kuuita vile vya halmashauri, ushuru wa soko, ushuru wa mazao, na vile vya forodha pale bandarini. Tozo kwa kawaida inafungwa kwenye jambo fulani, mfano ile ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ambayo watu walipiga kelele mpaka Septemba hiyo hiyo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Sasa kwenye yote hayo kuna mambo mawili ya kuangalia. Kiwango, yaani unakatwa kiasi gani. Na wigo, yaani ni nani na nini vinakatwa. Mapato ya serikali ni hayo mawili yakizidishwa, ukikosa kimoja unalazimika kukivuta kingine.

Chukua msiba wa mtaani. Mtaa una kaya sitini, daftari la mchango lina majina kumi na nne, wale wale kila siku, kwa sababu hao ndo wanajulikana na ndo wanaofungua mlango. Wapangaji wa vyumba vya uani hawamo daftarini maana walihamia majuzi, na yule jamaa mwenye Fuso, kila mweka hazina akipita, ametoka. Mchango ni 2,000. Siku inakuja misiba miwili kwa wiki, hela haitoshi. Mweka hazina ana njia mbili, apandishe iwe 5,000 kwa wale kumi na nne, au atembee mlango kwa mlango aongeze majina. Ya kwanza ni rahisi, anaimaliza akiwa amekaa. Ila nimeona mtaani kwetu ilivyoishia, ilipofika 5,000 watu wawili kati ya wale waaminifu wakaanza na wao "kutoka" kila akipita, daftari likawa na kumi na wawili, na mchango ukataka kupanda tena. Hiyo ndo hatari ya kukamia kiwango ukaacha wigo, waliomo wanachoka na wa nje wanaona kabisa kwamba kuwa nje kunalipa.

Kupanua wigo ni ile kutembea mlango kwa mlango. Na ikifanyika vizuri inaweza hata kushusha mchango, maana sitini wakitoa 1,000 kila mmoja ni 60,000, wakati kumi na nne wakitoa 2,000 ni 28,000 tu.

Sasa ipeleke kwenye nchi. Bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26 ilipangwa kuwa shilingi trilioni 56.49. Mwaka uliotangulia, 2024/25, TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, ilikusanya trilioni 32.26, na hiyo ilikuwa rekodi. Unaona lile pengo, linajazwa na mapato mengine yasiyo ya kodi, misaada na mikopo. Ukilipima kwa uchumi wote, kwenye kila shilingi 100 tunayoizalisha nchini kama 13 hivi ndo inafika kwenye kodi, na mashirika kama Benki ya Dunia yamekuwa yakisema nchi inahitaji angalau 15 ili ijiendeshe bila kuhangaika. Na ile ya misaada ndo hiyo, mwaka 2025 Marekani ilipoamua kukata fedha zake za misaada kwa nchi nyingi, wenye miradi ya afya waliamka asubuhi wakakuta hesabu imebadilika. Hela ya mwenzio ina mwenyewe.

Na kwa nini wigo mpana unasaidia mapato yawe thabiti, yasiyumbe? Hapo sasa sisi watu wa Mtwara na Lindi hatuhitaji mwalimu kutoka mbali, tuna korosho.

Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 310,000 na bei mnadani ikapita 4,000 kwa kilo. Mliokuwepo Masasi, Newala na Tandahimba mnakumbuka, pikipiki zilinunuliwa kama maandazi, bati zikaadimika madukani. Msimu uliofuata wanunuzi wakaja na bei ya chini, Novemba 2018 Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa 3,300 na malori ya jeshi yakaja kubeba, malipo yakachelewa kwa wakulima wengi na maduka yakapooza. Miaka ikapita, msimu wa 2022/23 tani zikashuka chini ya 190,000 na bei ikacheza kwenye elfu mbili hivi. Halafu 2024/25 tani zikapita 500,000 na bei ikarudi juu ya 4,000. Juu chini juu.

Halmashauri inapata ushuru wa mazao wa asilimia 3 kwenye korosho. Piga hesabu ya vidole. Kilo kumi kwa bei ya 4,000, ushuru ni 1,200. Msimu mbaya zile kilo kumi zimekuwa sita na bei imekuwa 2,000, ushuru ni 360. Sio nusu, ni chini ya theluthi! Na huku nyuma mishahara ya vibarua, mafuta ya gari la wagonjwa na madawati havijashuka hata senti. Ndo maana unapita vijijini unakuta boma la darasa limesimama miaka mitatu halina bati, watu wanasema wamekula hela, na inawezekana kweli wamekula, ila inawezekana pia bajeti ilipangwa kwa msimu wa 4,000 halafu ukaja msimu wa 2,000.

Serikali ikifika hapo inafanya kile kile anachofanya mkulima akiishiwa kabla ya msimu. Mkulima anaenda kwa mtu wa kangomba. Kwa wageni, kangomba ni ule ulanguzi wa korosho nje ya chama cha ushirika, jamaa anakupa hela sasa hivi korosho zikiwa bado ua mtini, au anakupimia kwa bakuli ambalo kilo yake sio kilo, na mnada ukifika yeye ndo anauza kwa bei kamili. Hakuna anayekwenda kangomba kwa kupenda, unakwenda kwa sababu mtoto anadaiwa mchango shuleni leo na mnada ni Oktoba. Nchi yenye wigo mwembamba nayo mapato yakiyumba inakopa ikiwa na njaa, na mwenye njaa hapewi masharti mazuri. Mkopo wenyewe sio dhambi, ukikopa kujenga bandari inayoingiza hela ni kama kukopa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Kukopa ili ulipe mishahara ndo kangomba.

Nirudi kwa mama wa samaki na beseni lake, maana hapo ndo uongo mwingi ulipo.

Uongo wa kwanza ni kwamba watu wadogo hatulipi kodi. Tunalipa, tena kila siku, ila hatuioni. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kwa kawaida ni asilimia 18, kwa hiyo kitu ambacho kingeuzwa 1,000 unakikuta 1,180. Sabuni anayofulia kanga zake imo. Duka la mtaani kwake linaweza lisiwe limesajiliwa kwa VAT, ila liliponunua sabuni kwa jumla lililipa, na hiyo hela imejificha kwenye bei. Nauli ya bodaboda ina kodi za petroli ndani yake. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, una kodi ya jengo ndani yake, ilianza 2021 ikiwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ikapanda hadi 1,500, na anayenunua umeme ndo anayekatwa hata kama ni mpangaji. (Hii ya LUKU kwa kweli ni mfano mzuri wa kupanua wigo kwa akili kwa sababu mita ipo tayari na mtu hawezi kusema katoka, ila imemwangukia mpangaji badala ya mwenye nyumba, na wengi mpaka leo hawajui wamdai mwenye nyumba vipi.) Kuna vitu havina VAT, unga wa sembe, samaki mbichi, mboga, na vimeachwa hivyo makusudi ili mlo wa mtu wa chini usiguswe.

Uongo wa pili, kwamba kupanua wigo ni kumfuata machinga na beseni lake. Mwaka 2018 vilitoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya 20,000, na tangu hapo kichwani mwa watu wigo ni machinga. Tuangalie viwango vya miaka hii kwa mfanyabiashara mdogo. Mauzo yako ya mwaka yasipozidi milioni 4, kodi ya mapato ni sifuri. Milioni 4 kwa mwaka ni kama 11,000 kwa siku. Na sikiliza vizuri, ni mauzo, sio faida, hapo ndo wengi wanachanganya, mtu anasikia milioni nne anasema mimi faida hiyo sijawahi kuiona.

Mama wa samaki nilimuuliza, akasema siku na siku ni kama 15,000. Ukichukua siku 360 ni milioni 5.4. Kwa hiyo kapita kidogo. Hapa ndo pana jambo zuri ambalo halisemwi. Kama hana kumbukumbu yoyote ya mauzo, aliye kati ya milioni 4 na 7 analipa 100,000 kwa mwaka. Kama ana kumbukumbu, analipa asilimia 3 ya ile iliyozidi milioni 4 tu, yaani 3 kwa 100 ya milioni 1.4, ambayo ni 42,000. Daftari la shule la 1,000 limemwokolea 58,000! Nilipomwandikia kwenye kipande cha gazeti alilofungia samaki alikitazama sana halafu akauliza mbona hakuna aliyewahi kumwambia. Sikuwa na jibu la kumpa.

Ila hata huyo mama tukimweka daftarini yeye na wenzake wote wa soko zima, hela inayopatikana haitajaza pengo la trilioni. Wigo wenye nyama uko kwingine. Uko kwenye duka linalouza milioni kadhaa kwa siku na kuandika laki nne. Uko kwenye nyumba za kupangisha zisizojulikana mapato yake. Uko kwa mtu wa kangomba, maana korosho zenyewe zikifika mnadani zinakatwa kila kitu, ila faida aliyoipata yeye kati ya bakuli na mnada haionekani kwenye karatasi yoyote. Uko pia juu kabisa kwenye misamaha ya kodi, ile ambayo wawekezaji wakubwa wanapewa, mingine ina maana mingine imebaki kwa mazoea tu, na kuipunguza nako ni kupanua wigo ingawa redioni hatuisikii kwa jina hilo. Wakati huo mwalimu wa Nanyumbu mshahara ukipita 270,000 kwa mwezi anakatwa kabla hajauona, hana pa "kutoka". Ukisikia wafanyakazi wananung'unika kila Mei Mosi usiwashangae, hao ndo wale kumi na nne.

Nikiri na langu. Mwaka jana nimeezeka vyumba viwili. Nimeingia duka moja la vifaa vya ujenzi mjini, bati ishirini, muuzaji akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Bosi, na risiti au bila?" Bila risiti 640,000, na risiti 740,000. Nikasimama pale kama dakika moja hivi najifanya nafikiri. Nikalipa 640,000, nikapakia kwenye guta nikaondoka. Nilijiona mjanja mpaka nilipokaa siku nyingine nikapiga hesabu, kwamba ile laki moja haikuwa punguzo la muuzaji, ilikuwa ni hela ya mfuko mkuu, na kwa sababu mauzo hayakuandikwa basi hata kodi ya faida yake kwenye bati zile haikuwepo. Mauzo ya mteja mmoja asubuhi moja yaliyopotea ni ya mwezi mzima na zaidi wa mama wa samaki. Mashine za risiti, EFD, zipo tangu 2010, ila mashine haijibonyezi yenyewe.

Kuna wanaosema sasa si tuna gesi, kodi za nini. Hii najua inauma, 2013 hapa watu walisema "gesi haitoki", wakipinga isipelekwe Dar es Salaam, vurugu zikazuka na yaliyotokea wote tunayajua. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na gesi hiyo kwa sehemu kubwa inakwenda kuzalisha umeme wa nchi, bomba la Mtwara mpaka Dar es Salaam linatembea zaidi ya kilomita 500. Hela inayorudi kwa halmashauri moja kwa moja ni ushuru wa huduma, ambao haufiki hata asilimia 1 ya mauzo, na ndo huo huo Kilwa wanaoupata kwa gesi yao ya Songo Songo. Ule mradi mkubwa wa kusindika gesi pale Likong'o, Lindi, tumeusikia miaka mingi na bado haujajengwa. Na hata ukijengwa kesho, nchi inayotegemea gesi peke yake ni kama kijiji kinachotegemea korosho peke yake, bei inapangwa na watu ambao hata Mtwara hawaijui.

Kinachogombanisha watu na kodi, kwa maoni yangu, mara nyingi sio kiasi, ni swali la inakwenda wapi. Huku tuna ushahidi wetu. Sheria ilikuwa inasema ushuru wa korosho zinazosafirishwa ghafi nje, asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kipi kikubwa, ugawanywe, asilimia 65 irudi kuendeleza zao na 35 iende mfuko mkuu. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, yote ikaenda mfuko mkuu, na wabunge wa kusini walipiga kelele bungeni mpaka basi. Mkulima aliyekuwa amezoea kwamba kwenye kile kinachokatwa kuna salfa yake mwakani, akaona kinakatwa kile kile na salfa haioni. Baadaye serikali ikarudisha sehemu ya fedha kwenye zao na pembejeo za ruzuku zikaanza kuonekana vijijini, na uzalishaji mmeshauona hapo juu ulivyopanda. Sisemi ni salfa peke yake, mvua nayo ina lake. Ila mkulima akiona mfuko wa salfa mlangoni, ukimwambia habari ya wigo anakupa kiti ukae.

Ndo maana pia Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024, malalamiko yao mengi yalikuwa jinsi wanavyokaguliwa na kukadiriwa, na Oktoba 2024 ikazinduliwa Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue, isikilize watu na ipendekeze mfumo unaoeleweka. Kama mtu mwenye duka Kariakoo mwenye mhasibu wake haelewi anakadiriwaje, mama wa beseni ataelewa vipi.

Nilirudi kijiweni jana na haya yote kichwani, nikamweleza mjomba kuanzia mchango wa msiba mpaka bati. Alisikiliza vizuri, hakukatiza hata mara moja, na hiyo kwake ni nadra. Nilipomaliza akanywa funda la mwisho, akageukia wenzake akasema, kumbe muda wote huu tunamtafuta ng'ombe aliye nje ya boma, na ni huyu hapa kakaa nasi kwenye benchi, kaezeka bati ishirini hana risiti. Kisha akamwambia muuza kahawa kwamba kahawa za benchi zima leo nitalipa mimi, mwenye bati.